Ada na dubu weupe: Mshonaji aliyejifunza bunduki kisiwani

MSOMAJI wangu, kabla hujageuza ukurasa hebu nikuulize swali. Umetoka nje ya hema peke yako. Hakuna jirani wa kumwita, hakuna mlango wa kufunga wala mti wa kukwea. Mbele yako, kadiri ya hatua tano hivi, amesimama dubu mweupe pamoja na mwanawe, wanakutazama. Mkononi una bunduki, lakini ni bunduki uliyoanza kuijua juzijuzi tu. Ungefanya nini?

Najua vijana watasema wangelenga kichwa. Akina mama wengine watasema wangetimua mbio. Usijibu haraka. Mwanamke ninayetaka kukusimulia habari zake leo alikumbana na jambo hilo hilo mwaka 1923, na jibu alilolitoa ndilo lililonifanya nichukue kalamu.

Jina lake lilikuwa Ada Blackjack. Alizaliwa mwaka 1898 huko Alaska, karibu na kijiji cha Solomon, katika jamii ya Wainupiati, ambao vitabu vyetu vya zamani vya jiografia viliwaita Waeskimo. Basi ukisikia Mweskimo, nadhani akili yako inakimbilia nyumba ya barafu, mkuki na mbwa wa kukokota mizigo juu ya theluji. Hapo ndipo wengi walipokosea kumhusu Ada. Ni sawa na kumwona kijana wa Kimaasai aliyezaliwa na kulelewa Buruburu, ukadhani ukimpa rungu ataweza kumkabili simba.

Ada alilelewa na wamishenari Wamethodisti katika mji wa Nome. Walimfunza kusoma Biblia, kuzungumza Kiingereza, kupika mapishi ya kizungu, kufua na kushona. Kushona aliweza sana. Lakini hakuna aliyemfunza kutega mitego, kuwinda wala kushika bunduki. Na kuhusu dubu, alichokijua ni zile hadithi za wazee ambazo humfanya mtoto ajifunike blanketi hadi kichwani. Alikua akimwogopa mnyama huyo kuliko kitu kingine chochote.

Aliolewa akiwa na miaka 16. Ndoa hiyo ilikuwa shubiri. Mume alimpiga, kisha akamtelekeza. Watoto watatu alizaa, wawili wakafa, akabaki na mmoja, mvulana kwa jina Bennett, ambaye naye alikuwa na kifua kikuu. Mama huyo alifunga safari ya zaidi ya kilomita 60 kwa miguu kurudi Nome, na mtoto aliposhindwa kutembea alimbeba. Alipofika mjini, pesa za kumtibu hakuwa nazo. Ikambidi amwache katika makao ya mayatima, yeye mzazi wake akiwa hai. Akina mama mnaosoma ukurasa huu, sina haja ya kuwaeleza uchungu huo.

Ni wakati huo alipopata habari kuwa kuna kazi. Mvumbuzi mashuhuri wa siku hizo, Vilhjalmur Stefansson, alikuwa akiandaa kundi la vijana waende kuishi katika kisiwa cha Wrangel, ili bendera ya Uingereza ipandishwe huko na kisiwa kidaiwe kuwa mali ya Kanada. Yeye mwenyewe Stefansson hakuwa anakwenda. Walihitaji mshonaji wa kuwatengenezea nguo za manyoya, kwani katika baridi ile nguo ikitatuka ni kifo. Mshahara ulikuwa dola 50 kwa mwezi, kwa muda wa mwaka mmoja. Kwa Ada, hizo zilikuwa pesa za kumtoa Bennett katika makao na kumpeleka kwa daktari.

Alisitasita. Alikwenda hata kwa mganga wa kienyeji wa hapo Nome, ambaye alimwambia kwamba anaona hatari na kifo mbele, akamtahadharisha na moto na kisu. Lakini mganga hakuwa na dola 50 za kumpa. Ada aliahidiwa kuwa familia nyingine za Wainupiati zitakwenda pia, wawe wawindaji, naye asiwe mwanamke peke yake. Siku ya kuondoka ilipofika, mnamo Septemba 1921, familia hizo zilibadilisha nia. Ada akatazama huku na huku, akakumbuka mtoto, akapanda meli.

Ukichukua ramani ya dunia utakiona kisiwa hicho juu kabisa kulia, kaskazini mwa Siberia, umbali wa kilomita zipatazo 140 kutoka pwani. Ni kisiwa kikubwa. Majira ya baridi jua hupotea kwa takriban miezi miwili, na bahari yote inayokizunguka hugeuka barafu. Hakuna watu waliokuwa wakiishi pale. Wenyeji halisi ni dubu weupe. Wanawake wa dubu huja kwa mamia kuchimba mapango ndani ya theluji na kuzalia humo, na wataalamu wanakihesabu kisiwa cha Wrangel kuwa miongoni mwa mahali dubu hao wanapozalia kwa wingi zaidi duniani. Kwa maneno mengine, Ada, aliyemwogopa dubu, alipelekwa kuishi katika wodi ya wazazi ya dubu.

Nikueleze kidogo kuhusu mnyama huyu, maana wengi wetu tumemwona kwenye picha tu na anaonekana mpole kama mwanasesere. Dume aliyekomaa hufikisha kilo 600, anamkaribia nyati kwa uzito. Akiamua kukimbia anafikia kasi ya kilomita 40 kwa saa, kwa hiyo wewe uliyesema ungetimua mbio, pole. Pua yake hunusa nyama kutoka zaidi ya kilomita moja. Chakula chake hasa ni sili, mnyama wa baharini mwenye mafuta mengi, ambaye dubu humvizia kwa saulo na saburi kwenye tundu la barafu hadi atoe kichwa kuvuta pumzi. Na tofauti na wanyama wengi wa mbugani kwetu, ambao wakisikia harufu ya mtu hujiondokea, dubu mweupe mwenye njaa anaweza kumfuata mtu kwa kumhesabu kuwa chakula.

Wanaume waliokuwa na Ada walikuwa wanne. Allan Crawford, kijana Mkanada wa miaka 20, ndiye aliyeitwa kiongozi. Wengine watatu, Lorne Knight, Fred Maurer na Milton Galle, walikuwa Wamarekani. Walibeba chakula cha miezi sita, kwa kuwa Stefansson aliamini kwamba kaskazini kule ni mahali pa ukarimu, mtu mwenye bunduki hawezi kulala njaa.

Mwanzo haukuwa mzuri kwa Ada. Upweke na hofu vilimwelemea, akawa hali vizuri, anakataa kazi, anatoroka kambini. Wanaume wale walimwadhibu, na wakati mmoja walimfunga kwenye mlingoti wa bendera mpaka aahidi kufanya kazi. Hatimaye alitulia, akashona, akapika. Mwaka wa kwanza ulipita nyama ikiwapo.

Mwaka 1922 meli iliyotumwa kuwachukua na kuwaletea vyakula haikufika. Barafu iliizuia, ikarudi ilikotoka. Wale wa kisiwani walisimama ufukweni siku baada ya siku wakikodoa macho, hadi bahari ikaganda tena. Chakula kikaanza kwisha, na wanyama nao wakaadimika. Mnamo Januari 28, 1923, Crawford, Maurer na Galle walifungasha mizigo, wakachukua mbwa waliosalia, wakaanza kuvuka barafu kuelekea Siberia kutafuta msaada. Hawakuonekana tena mpaka leo, wala mabaki yao hayajapatikana.

Waliobaki ni Ada, Knight na paka mmoja aitwaye Vic. Knight hakuwa na uwezo wa kwenda popote. Alikuwa na kiseyeye, ugonjwa unaotokana na kukosa vitamini C, ambayo sisi tunaipata kwa kununua chungwa hapo kibandani. Ufizi huvuja damu, meno hulegea, miguu huvimba na nguvu humwisha mtu. Huko kusiko na mchungwa wala sukuma wiki, dawa yake ni nyama mbichi au isiyopikwa sana. Nyama hiyo ilikuwa inatembea nje na manyoya yake. Swali likawa ni nani ataiwinda.

Hapo ndipo mshonaji alipolazimika kuwa kila kitu. Alipasua kuni za magogo yaliyotupwa ufukweni na bahari. Alitega mitego ya mbweha weupe, akirudi mikono mitupu siku nyingi, hadi Februari 21 alipomnasa wa kwanza. Alimlisha Knight, akamgeuza kitandani, akampashia mifuko ya mchanga moto ya kuwekea miguuni. Malipo yake yalikuwa matusi. Mgonjwa yule, katika uchungu wake, alimkaripia kuwa hafanyi kazi ya kutosha, na siku moja akamrushia neno kwamba si ajabu wanawe walikufa, kwani hakuwatunza. Ada aliandika katika shajara yake jinsi neno hilo lilivyomchana moyo. Kisha akaendelea kumpikia. Nimejiuliza mara kadhaa kama mimi ningemwandalia mtu huyo uji kesho yake, na sijapata jibu linalonipendeza.

Katika shajara hiyo hiyo aliandika wosia. Kama likimpata la kumpata, alitaka dada yake amlee Bennett, na vyote vilivyo vyake, pamoja na pesa anazodai, vimwendee mtoto.

Bunduki aliianza kwa kulenga makopo matupu. Mwanzoni alifumba macho kwa kuogopa mlio. Hebu fikiria, risasi zenyewe ni za kuhesabu, kila moja unayoipoteza kwenye kopo ni nyama uliyoitupa, lakini usipoipoteza hutajifunza. Alijifunza. Alianza kuangusha ndege, kisha sili.

Knight alifariki mnamo Juni. Ada aliketi mbele ya taipureta iliyoachwa na Galle, akapiga chapa kwamba ni tarehe 23, saa haijui, akaeleza kuwa anaandika ili Stefansson ajue mwezi na siku. Hakuwa na nguvu za kumzika mtu mzima katika ardhi iliyoganda. Alimwacha ndani ya mfuko wake wa kulalia, akapanga masanduku kumzingira ili wanyama wasimfikie, naye akahamia hema lingine.

Sasa tazama jinsi alivyojipanga, maana hapa ndipo ninapomwonea fahari. Hakuwa na mtu wa kupokezana naye zamu ya ulinzi. Kwa hiyo alijenga jukwaa la magogo juu ya kibanda chake, awe anapanda na darubini kutazama mbali, amwone dubu kabla dubu hajamwona yeye. Juu ya kitanda alitengeneza mahali pa kuwekea bunduki, ili akishtuka usingizini mkono uikute bila ya kuitafuta. Mashua iliyokuwapo ilipochukuliwa na mawimbi, alijitengenezea nyingine kwa mbao na turubai. Huyu ni yule yule aliyefungwa mlingotini kwa kushindwa na maisha ya kambi.

Siku moja alimpiga risasi sili juu ya barafu, akawa anakwenda kumchukua. Alipoinua macho akaona kitu cha rangi ya kimanjano kikimjia. Dubu, tena mwenye mtoto! Ada alipiga hesabu upesi. Kutoka pale hadi hemani ni zaidi ya yadi 400. Akifyatua na kukosa, au akimjeruhi tu, hapatakuwa na risasi ya pili. Akageuka, akakimbia kufa kupona, akaanguka hemani pumzi zikiwa zimemkatika. Alipopanda juu na kutazama kwa darubini, mama dubu na mwanawe walikuwa wanakula sili wake. Chakula cha siku nyingi hicho, kimekwenda hivyo. Utasema alibahatika kwa sababu dubu alipata sili akamsahau, nami sikatai. Lakini aliijua pia thamani ya kumwachia adui nyama ukabaki na uhai wako.

Mara nyingine hapakuwa na mahali pa kukimbilia. Alikuwa ndani ya hema alipoisikia sauti nje, kama ya mbwa. Mbwa hawakuwapo tena kisiwani. Akachukua bunduki, akatoka. Ndipo tunaporudi kwenye swali langu la mwanzo. Dubu mkubwa na mwanawe walikuwa wamesimama kadiri ya futi 15 kutoka hema.

Ada aliogopa sana, na mwenyewe alikiri baadaye. Lakini ndani ya hofu ile aliwaza jambo ambalo wawindaji wengi wenye majina makubwa husahau. Alijua yeye si mlenga shabaha hodari. Alijua kwamba akimpata mguuni au begani atakuwa amemkasirisha tu, na mama mwenye mtoto hana msamaha. Basi hakumlenga. Aliinua mtutu, akafyatua juu ya vichwa vyao. Wakageuka, wakakimbia kidogo, kisha wakasimama na kumtazama tena. Akafyatua mara nyingine tano. Hapo wakashika njia yao.

Risasi sita, na hakuna aliyekufa upande wowote. Mama mmoja alimrudisha nyuma mama mwenzake.

Vijana waliotaka damu imwagike mtanisamehe. Mimi nadhani risasi zile zilikuwa bora kuliko ngozi yoyote iliyowahi kutundikwa ukutani. Hata leo, katika visiwa vya Svalbard huko Norway ambako dubu hawa wako, sheria inamtaka mtu anayetoka nje ya makazi awe na vifaa vya kuwatishia na kuwafukuza, na bunduki hubebwa kwa kujihami endapo vyote vimeshindikana. Ada alifikia utaratibu huo peke yake, bila ya mwalimu, akiwa anatetemeka.

Mnamo Agosti 20, 1923, ukungu ukiwa umetanda, aliona meli kupitia darubini yake. Ilikuwa meli iitwayo Donaldson, chini ya Harold Noice. Ada alikimbia majini kuwalaki akitarajia kuwaona Crawford, Maurer na Galle wakishuka. Noice naye alitarajia kuwakuta hao watatu kisiwani. Wote wawili walielewa kwa wakati mmoja. Kati ya watu watano waliotua miaka miwili nyuma, aliyebaki hai ni mshonaji, na Vic, yule paka, ambaye naye alipandishwa melini.

Ungetarajia apokewe kwa vigelegele na mfuko wa fedha. Magazeti yalimwandika sana, yakampa kila jina la sifa. Malipo aliyopata yalikuwa pungufu ya aliyoahidiwa. Wengine waliandika vitabu na makala kuhusu mkasa ule, na faida yake haikumfikia. Baadaye Noice alimgeuka, akadai magazetini kwamba alimwacha Knight afe kwa kutomhudumia. Waliomtetea ni wazazi wa Knight wenyewe, ambao baada ya kukutana naye walitangaza kwamba alimfanyia mtoto wao yote aliyoweza. Kisiwa chenyewe hakikuwa cha Kanada wala cha Uingereza. Mwaka 1924 meli ya Urusi ilikwenda ikawaondoa watu wengine walioachwa pale, ikapandisha bendera yake, na tangu 1976 ni hifadhi ya wanyama. Dubu wamerudishiwa wodi yao.

Na Bennett? Pesa alizopata Ada, ndogo kama zilivyokuwa, zilitosha kumtoa katika makao ya mayatima na kumpeleka Seattle akatibiwe. Baadaye Ada alimpata mtoto mwingine wa kiume, Billy, akarudi kaskazini, akaishi maisha ya umaskini akichunga na kuwinda, akitumia ule ujuzi alioutoa Wrangel. Hakupenda kuzungumzia mambo ya kisiwani. Bennett hakuwa na afya imara maishani mwake, lakini alikua, akawa mtu mzima, na alifariki mwaka 1972. Ada alimfuata Mei 1983 akiwa na miaka 85, na amezikwa Anchorage, kando ya mwanawe.